VYUMA VYA MSUMENO WA ZAMANI: VITAMBUE KABLA YA KUVITUPA

Mwaka 1962 mashamba makubwa ya nyanda za juu yalianza kununuliwa na kugawiwa wakulima katika Mpango wa Ekari Milioni Moja. Ardhi iliweza kupimwa na kugawanywa. Mtambo wa kupasulia mbao hauwezi kugawanywa. Kwa hiyo katika baadhi ya skimu mtambo wa namna hii ulibaki bandani, au ulichukuliwa na chama cha ushirika, au ulinunuliwa na fundi mmoja, na mpaka leo uko pale, kuku wanalala juu ya meza yake.

Mkulima aliyepanda saipresi au mikaratusi kwenye mpaka wa shamba lake huutazama mtambo huo na kuwaza, kwa nini niuze mti ukiwa umesimama, kisha ninunue mbao dukani? Wazo hilo ni jema. Msumeno wa zamani ulitengenezwa kwa chuma kizito cha kumimina, na ukitunzwa waweza kufanya kazi miaka mingi bado.

Lakini iko hatari moja ambayo yafaa kila mkulima aijue kabla hajashika spana. Mtu akifungua mtambo wa zamani hukuta vyuma ambavyo hajapata kuviona. Vingine huvitambua mara moja: huu ni msumeno, hii ni shafti, hii ni puli. Vingine haoni kazi yake. Hivyo huwekwa pembeni, vikakaa mwezi mmoja, halafu vikauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Siku mtambo unapowashwa bila vyuma hivyo, unapasua mbao barabara. Mwenyewe husema, "Waona? Havikuwa na kazi yo yote."

Hapo ndipo anapokosea. Shika neno hili kuliko maneno mengine yote ya makala haya: chuma kisichosaidia kukata, mara nyingi kazi yake ni kulinda mkono wa anayekata. Mtambo hauwezi kukuambia kwamba kimekosekana. Utaambiwa na ajali.

ANDIKA KWANZA, FUNGUA BAADAYE

Usianze kwa nyundo. Anza kwa karatasi na kalamu. Chora mtambo kama ulivyo, kwa mbele, kwa nyuma na kwa kila ubavu. Si lazima uwe hodari wa kuchora. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha pia, lakini usiache kuchora, kwa sababu mtu achoraye hulazimika kutazama.

Kisha tafuta vibati vidogo, uvitoboe tundu na kuvifunga kwa waya. Kila chuma unachokitoa kipe namba, na namba hiyo uiandike kwenye mchoro mahali kilipotoka. Bolti zirudishwe kwenye matundu yake na kukazwa kwa vidole. Vyuma vidogo vitiwe katika makopo, kila sehemu ya mtambo na kopo lake. Usichanganye vyote ndani ya karai moja, maana kesho yake utakuwa na karai la mafumbo.

Safisha kwa mafuta ya taa na brashi. Usitumie petroli, kwa kuwa mvuke wake huwaka upesi, na banda la useremala limejaa vumbi la mbao. Rangi ya zamani usiipige msasa ikiwa kavu, kwa sababu rangi nyingi za miaka ile zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowanishe kwanza, na takataka zake uzifukie mbali na kisima.

CHUMA HUSEMA KWA MAANDISHI

Mitambo mingi iliyoletwa Kenya wakati ule ilitoka Uingereza. Ukisugua polepole utaona herufi zilizoinuka katika chuma. Wadkin lilikuwa jina la watengenezaji wa mji wa Leicester. Robinson walikuwa Rochdale, White walikuwa Paisley huko Scotland, na Stenner walikuwa Tiverton. Ukiona jina la mji peke yake, hata hilo laweza kukusaidia.

Yafaa utofautishe namba za aina mbili. Namba iliyoinuka, iliyomiminwa pamoja na chuma, ni namba ya kile kipande tu. Huonyesha kalibu iliyotumika. Namba iliyogongwa kwa patasi ya namba, ikazama ndani, mara nyingi huwa ndiyo namba ya mtambo wenyewe. Itafute kwenye ukingo wa meza, kwenye kibao cha shaba, au kwenye ncha ya shafti. Usiifute kwa tupa au kwa rangi nzito.

Namba zilizoinuka zina faida nyingine. Vipande vya mtambo mmoja mara nyingi huanza na herufi zile zile. Ukiokota chuma kimelala sakafuni, chenye herufi kama zile za meza na miguu, bila shaka si kigeni bandani mle. Ni cha mtambo huo huo, na pana tundu mahali fulani linalokingoja.

CHUMA HUSEMA KWA ALAMA

Kipande kisicho na maandishi kina alama. Kitazame kama daktari atazamavyo mgonjwa, ukijiuliza maswali haya:

1. Kinang'aa wapi? Panapong'aa paliguswa na kitu kinachotembea, kama vile mkanda, mbao au shafti.

2. Kina kutu wapi? Pale hapakuguswa, au palikaa nje ya mafuta.

3. Kina mafuta makavu wapi? Hapo palikuwa karibu na beringi.

4. Kina tundu refu kama yai? Basi kilitengenezwa ili kiweze kusogezwa mbele na nyuma kabla ya kukazwa. Tundu la namna hiyo halikuchakaa.

5. Upande mmoja umechongwa laini na mwingine umebaki wa mchanga wa kalibu? Upande laini ulikaa juu ya chuma kingine. Tafuta mahali palipo laini penye upana ule ule.

Mkulima anayejua kusoma nyayo za mnyama aliyeingia katika mahindi hawezi kushindwa na kusoma alama hizi.

VYUMA SABA AMBAVYO WATU HUVITUPA

Sasa tutazame msumeno wa duara wa kupasulia, ule wenye meza ya chuma na kuendeshwa kwa mkanda. Hivi hapa ni vyuma saba ambavyo mgeni wa mtambo huu huvidhania kuwa havina kazi.

Cha kwanza: kisu cha nyuma. Ni bamba la chuma lililopinda kama mwezi mchanga, au kama pembe ya ng'ombe, lenye tundu moja au mawili marefu chini. Halina meno wala makali ya kukata. Watu wengi huligeuza kuwa jembe la bustani. Hiki ndicho chuma cha thamani kuliko vyote katika mtambo.

Kazi yake ni hii. Msumeno unapozunguka, meno ya mbele, yaliyo upande wako, hushuka. Meno ya nyuma hupanda. Mbao ikisha kupasuliwa, pande zake mbili hutaka kukutana tena nyuma ya msumeno, hasa mbao ya mkaratusi, ambayo hukua ikiwa na nguvu nyingi ya kujikunja ndani yake. Zikiubana msumeno, meno yanayopanda huinyanyua mbao na kuitupa nyuma kwako. Ukingo wa msumeno huenda kwa mwendo wa kama kilomita 180 kwa saa. Ubao wa futi sita ukirushwa kwa nguvu hiyo waweza kuua, na mkono uliokuwa ukiusukuma huvutwa kwenye meno.

Kisu cha nyuma husimama katika ule ufa na kuzizuia pande mbili zisikutane. Kiwe kinene kidogo kuliko bamba la msumeno, lakini chembamba kuliko upana wa njia inayokatwa na meno. Kisimame sawasawa katika mstari wa msumeno. Kanuni za Uingereza za mwaka 1922 kuhusu mitambo ya useremala zilitaka kisu hiki kisiwe mbali na meno zaidi ya nusu inchi pale kwenye usawa wa meza. Ndiyo sababu mitambo ya miaka ile iliwekewa kisu, na ndiyo sababu kina matundu marefu: msumeno ukinolewa mara nyingi hupungua, na kisu husogezwa kuufuata.

Cha pili: kofia ya msumeno na mkono wake. Huenda ukakuta nguzo iliyosimama kando ya meza, au tundu kubwa lisilo na kitu, na mahali pengine bandani mfuniko uliopinda. Nguzo, mkono na mfuniko ni kitu kimoja. Mfuniko hukaa juu ya meno ili mkono ukiteleza usiyafikie. Mabamba mawili chini ya meza nayo yana kazi hiyo hiyo, kwa maana mtu huinama kuondoa vumbi la mbao huku msumeno ukizunguka.

Cha tatu: puli ya pili. Kwenye shafti utaona puli mbili zimekaa bega kwa bega. Moja imefungwa kwa kabari ya chuma, nayo huizungusha shafti. Ya pili huzunguka bure. Mtu husema, "Hii imeharibika, haishiki," akaitoa au akaichomelea. La! Puli hiyo haikuharibika. Iliumbwa izunguke bure. Mkanda ukiwa juu yake, injini huzunguka lakini msumeno husimama. Ndiyo breki yako ya kusimamisha kazi bila kuzima injini. Ina tundu dogo la mafuta. Lisafishe, maana lisipopata mafuta puli hushika shafti na msumeno huanza kuzunguka wakati usioutaka.

Karibu na puli hizo pana chuma chenye vidole viwili kama uma. Hicho huusukuma mkanda kutoka puli moja kwenda ya pili. Kiwekwe kwenye upande wa mkanda unaoingia katika puli, wala si upande unaotoka, la sivyo hakitausogeza. Na uso wa puli ukiwa umevimba kidogo katikati, usiupige tupa ukidhani umechakaa kando. Mkanda hupenda kupanda palipo juu, na uvimbe huo ndio unaouzuia usianguke.

Cha nne: sahani mbili na kijipini. Msumeno hubanwa kati ya sahani mbili za chuma. Ukizigeuza utaona zimebonyea katikati, na ukingo wake tu ndio unaogusa msumeno. Usitie karatasi wala washa kujaza bonyeo hilo. Limefanywa makusudi ili msumeno ushikwe mbali na tundu lake. Mojawapo ya sahani yaweza kuwa na pini fupi, na msumeno ukawa na tundu dogo kando ya lile kubwa. Pini huingia katika tundu hilo ili msumeno usiteleze. Ikiwa msumeno wako mpya hauna tundu hilo, usiikate pini. Tafuta msumeno unaofaa.

Cha tano: kamba chakavu chini ya meza. Ukitoa kibao cha mbele karibu na meno utakuta mifuko miwili, kila upande mmoja, imejazwa kamba au kitambaa kizito cha sufu, vyote vyeusi kwa mafuta. Watu hudhani ni kiota cha panya na kuvitupa. Msumeno mkubwa ni bamba jembamba, na upande wake wa mbele huyumba unapokutana na fundo la mti. Kamba hiyo yenye mafuta huushika pande zote mbili chini ya meza, mahali pa chini ya meno, ili uende moja kwa moja. Ikiwa imeoza, weka nyingine mpya iliyolowa mafuta. Iguse kwa wepesi na kwa usawa. Ikikaza upande mmoja msumeno utapata moto na kupinda.

Cha sita: pete legevu. Ukifungua nyumba ya beringi waweza kukuta pete kubwa inaning'inia juu ya shafti, inalegalega. Si washa iliyopotea njia. Upande wake wa chini huzama katika mafuta yaliyo ndani ya nyumba ile. Shafti ikizunguka, pete nayo huzunguka polepole na kupandisha mafuta juu. Bila pete, mafuta hukaa chini na beringi huungua huku wewe ukiona kwamba mafuta yamo.

Cha saba: vibati vyembamba kati ya nusu mbili za beringi. Beringi nyingi za zamani hazina gololi. Zimemiminwa chuma laini cheupe, kiitwacho babiti kwa jina la Mmarekani Isaac Babbitt aliyekibuni mwaka 1839. Kati ya nusu ya juu na nusu ya chini huwekwa vibati kama karatasi. Beringi ikilika, fundi huondoa kibati kimoja kila upande na kukaza tena. Hivyo ndivyo ilivyorekebishwa bila kununua mpya. Vihesabu, uvifunge pamoja, na usichanganye vya kulia na vya kushoto. Ukisha kukaza, shafti yapasa kuzunguka kwa mkono bila shida, wala isichezecheze juu na chini. Kama chuma cheupe kimekwisha kabisa, mpelekee fundi anayejua kazi ya kumimina. Usikiyeyushe katika sufuria ya nyumbani, kwa sababu aina nyingine zina risasi nyingi.

NATI ISIYOTAKA KUFUNGUKA

Kabla hujaongeza bomba kwenye spana ili upate nguvu, jiulize kama unaifungua upande ulio sawa. Nati inayobana msumeno hufunguliwa kwa kuizungusha kuelekea upande ule ule msumeno unakozungukia wakati wa kukata. Imefanywa hivyo ili kazi yenyewe isiilegeze. Kwa hiyo katika mitambo mingine nyuzi zake huenda kinyume cha nati za kawaida, na anayeifungua kwa mazoea huwa anaikaza zaidi mpaka inavunjika.

Tena, nyuzi za bolti nyingi za Uingereza ni za kipimo cha Whitworth, kilichotolewa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Pembe ya nyuzi zake ni digrii 55, lakini nyuzi za milimita ni digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 katika kila inchi. Bolti ya nusu inchi ya Kimarekani ina 13. Zikilazimishwa kuingiana zitaingia mizunguko miwili mitatu, kisha zitaharibika zote mbili. Jaribu kwa vidole kwanza. Isipokwenda kwa vidole, si yake. Kumbuka pia kwamba namba iliyoandikwa juu ya spana ya Whitworth ni unene wa bolti, wala si upana wa kichwa chake.

Vivyo hivyo kwa msumeno. Shafti ya inchi moja ni milimita 25.4. Msumeno wenye tundu la milimita 25 hautaingia, na mtu hushawishika kulipanua kwa tupa. Tundu la tupa haliwi katikati kamwe, na msumeno usio katikati hupiga mbao kama mundu.

HESABU YA MWENDO

Puli nayo ni chuma cha kutambuliwa, kwa maana ukubwa wake ndio unaoamua mwendo wa msumeno. Mitambo hii iliendeshwa kwa injini za polepole, au kwa trekta zilizofungwa puli ya mkanda. Leo mkulima aliyepata umeme hutaka kuweka mota. Afanye hesabu kwanza.

Zidisha mizunguko ya injini kwa upana wa puli yake, halafu gawa kwa upana wa puli ya msumeno.

Mfano: injini inayozunguka mara 650 kwa dakika, puli yake inchi 14, na puli ya msumeno inchi 6. 650 mara 14 ni 9,100. Gawa kwa 6, utapata kama 1,517. Msumeno wa inchi 24 una mzingo wa kama futi 6.28. Basi ukingo wake huenda kama futi 9,500 kwa dakika. Kipimo cha mafundi kwa msumeno wa kupasulia wa namna hii ni kati ya futi 9,000 na 10,000, kwa hiyo hesabu ni njema.

Sasa ondoa injini, weka mota ya umeme ya mizunguko 1,450, na uiache puli ile ile ya inchi 14. 1,450 mara 14, gawa kwa 6, ni kama 3,383. Ukingo wa msumeno sasa unakwenda zaidi ya futi 21,000 kwa dakika. Huo si mwendo wa kupasulia mbao, ni mwendo wa kupasua msumeno wenyewe. Mota hiyo yafaa iwe na puli ya inchi 6, sawa na ya msumeno, nayo itakupa futi 9,100 hivi.

UKISHINDWA KUKITAMBUA

Patakuwa na chuma kimoja au viwili vitakavyokushinda. Usione haya. Kioneshe mzee aliyewahi kufanya kazi katika mashine ya mbao. Wazee wa namna hiyo wamebaki wachache, nao hujua kwa mikono yao mambo ambayo hayakuandikwa. Mpelekee pia mwalimu wa chuo cha ufundi, pamoja na mchoro wako na namba ya mtambo. Usimwulize, "Hiki kinaitwaje?" Mwulize, "Hiki kisipokuwapo, kutatokea nini?" Jina laweza kukosekana na kazi ikajulikana.

Mpaka jibu lipatikane, chuma hicho kikae katika kopo lake na namba yake. Na kama mtambo umefungwa wote lakini kopo lina chuma kilichobaki, basi mtambo haujaisha kufungwa. Usiwashe.

KABLA YA KUWASHA

Soma orodha hii mbele ya mtambo, ukitia alama kila jambo:

1. Kisu cha nyuma kimesimama katika mstari wa msumeno, hakiko mbali na meno zaidi ya nusu inchi.
2. Kofia iko juu ya meno, na mabamba yako chini ya meza.
3. Puli legevu inazunguka bure, ina mafuta, na mkanda uko juu yake.
4. Uma unasogeza mkanda kwenda na kurudi.
5. Sahani ni safi, pini iko mahali pake, nati imekazwa.
6. Msumeno hauna ufa. Uning'inize na uugonge polepole kwa kipande cha mti; mlio wa kengele ni mzuri, mlio wa debe bovu ni dalili ya ufa.
7. Msumeno unazunguka kwa mkono bila kugusa cho chote.
8. Kijiti cha kusukumia mbao kiko karibu na mkono wa kulia, na watoto wako mbali.

Kisha simama kando ya mstari wa msumeno, wala si nyuma yake, uuache uzunguke mtupu kwa dakika kumi. Simamisha, gusa nyumba za beringi. Zikiwa na joto la mkono ni vizuri. Zikiwa moto, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Kama msumeno utatumiwa na chama au na mafundi wa kuajiriwa, jueni kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi afunike vyuma vya hatari vya mitambo. Lakini hata mkulima anayepasua mbao zake mwenyewe, pasipo mtu wa kumkagua, ana vidole kumi tu. Navyo ndivyo vinavyokama ng'ombe, kushika jembe na kutia sahihi katika daftari la chama. Chuma kilichopinda kama mwezi mchanga, ambacho mnunuzi wa vyuma chakavu hukulipa shilingi chache, ndicho kinachovilinda. Kirudishe mahali pake.